Mjadala wa Somo la Watoro

Mto Ohio, mahali upitapo kati ya mji wa Cincinnati na jimbo la Kentucky, si bahari. Asimamaye ukingo huu aweza kuzihesabu taa za ng'ambo moja baada ya moja. Lakini kwa miaka mingi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, maji hayo yalikuwa mpaka kati ya nchi ambamo binadamu aliandikwa katika hesabu ya mali, pamoja na ng'ombe na majembe, na nchi ambamo, walau kwa herufi ya sheria, hapakuwa na mtumwa. Katika mji huo, jioni moja ya baridi, watu watano wasemao Kiswahili waliketi sebuleni, buli la kahawa ya tangawizi na sahani ya kaimati mbele yao, wakajadiliana juu ya jambo lililoletwa nyumbani na mtoto.

Mtoto huyo, msichana wa miaka tisa, alirudi kutoka shuleni na peremende tatu mfukoni. Mama yake alipomwuliza amezipata wapi, alijibu kwamba siku hiyo walisomeshwa utumwa: viti vilisukumwa ukutani, taa zikazimwa, watoto wengine wakafanywa wawindaji na wengine watumwa wanaokimbia, na kila aliyeufikia mlango wa pili bila kushikwa alipewa peremende.

"Na walioshikwa?" akauliza mama.

"Walikaa chini tu."

Shule yenyewe haina haja ya kutajwa, wala majina ya wasemaji siyaandiki. Nawaita kwa nafasi zao. Mzee alikuwa karani wa forodha huko Lamu kabla ya kufuatana na wanawe ughaibuni, na ndiye aliyepewa kiti cha usuluhishi. Mama na Baba wa mtoto ni watu wa Mombasa. Mwalimu ni bibi wa Tanga asomeshaye tarikhi katika shule moja ya mji huo, siyo ile ya mtoto. Kijana ni mtoto wa kaka yake Mama, mwanafunzi wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa katibu, na kazi ya katibu ni kuandika.

MZEE: Jamaa zangu, mjadala si ugomvi, na mwenye hoja haambiwi kelele. Swali letu lina vichwa viwili. Kwanza, je, yafaa mtoto mdogo asomeshwe habari za utumwa wa Marekani na njia walizozifuata waliokimbia? Pili, kama yafaa, kwa namna gani? Aanze aliye na uchungu zaidi.

MAMA: Ahsante, Mzee wangu. Nitasema kama mzazi, maana elimu ya tarikhi sina. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, nami nakubali. Lakini hata samaki mbichi, ukimkunja kupita kiasi, huvunjika. Mtoto wa miaka tisa bado aogopa giza la chooni. Leo watu wazima wamzimia taa na kumwambia akimbie, kwa sababu kuna mwenye mbwa na mjeledi nyuma yake. Na walipomchagua awe mtumwa, hawakutazama daftari la mahudhurio. Walitazama rangi ya ngozi yake. Tena sisi ni wageni hapa. Babu zetu hawakuvuka Atlantiki katika tumbo la jahazi lolote. Kwa nini mwanangu abebeshwe mzigo ambao hakuufunga yeye, wala hawakuufunga wazee wake? Na kuna jambo dogo lililonikosesha usingizi. Usiku ule aliniuliza kwa Kiswahili: "Mama, watumwa wale walikuwa watoro? Mbona mtoro ni mtoto anayekimbia shule?" Nikakosa jibu.

BABA: Mama watoto amesema kwa huruma, na huruma ni sifa ya mama. Lakini nimkumbushe kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka jana nilikwenda katika ile nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mjini humu mwaka 2004, ukingoni mwa mto, kwa ajili ya tarikhi ya waliokimbia utumwa. Ndani yake limo banda la magogo, lenye ghorofa moja, lililojengwa mwaka 1830 katika wilaya ya Mason, huko Kentucky, likafumuliwa gogo kwa gogo na kujengwa upya hapa. Dalali aliyekuwa nalo aliwafungia humo watu aliowanunua, akingoja wafikie idadi ya kutosha kupelekwa kusini. Juu, katika boriti, kuna mstari wa pete za chuma. Mnyororo mmoja ulipitishwa ndani ya pete hizo, na wanaume wakafungwa pande zake mbili. Nimesoma vitabu vingi, wala sikutokwa na chozi. Mbele ya pete zile nililia. Mtoto naye hatajua kwa kuambiwa. Sharti ahisi.

MWALIMU: Niruhusuni nimjibu Baba kwanza, kwa kuwa hoja yake ina chumvi. Pete zile ni za kweli. Chuma kile kililiwa na kutu ya wakati ule, na mtu akikitazama akanyamaza, kunyamaza kwake ni elimu. Lakini taa zilizozimwa darasani si za kweli, wala wawindaji hawakuwa wawindaji, na mlango wa pili haukuwa Kanada. Methali ya kitanda yatufunza staha kwa aliyekilalia. Haitupi ruhusa ya kujilaza juu yake dakika ishirini, kisha tukainuka na kudai kuwa tumewajua kunguni. Jambo hili si jipya. Mwaka 1992 ulitolewa mchezo wa kompyuta kwa ajili ya shule za Marekani, ambamo mtoto alijifanya mtumwa anayekimbilia kaskazini. Wazazi weusi walilalamika, na mwaka uliofuata ukaondolewa. Ubaya wa michezo hii hauko katika kuwatia watoto huzuni. Uko katika kuwafurahisha. Mwisho wake kuna mshindi, naye hupewa peremende.

MZEE: Basi, Mwalimu, ukiwanyima mchezo utawapa nini?

MWALIMU: Nitawapa watu, Mzee, na karatasi za watu. Mathalan, kuna ile sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha waliokimbia, iliyoufanya hata upande huu wa mto usiwe tena salama. Sheria ile iliweka makamishna wa kusikiliza madai. Aliyedaiwa kuwa mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa nafsi yake, na aliyemsaidia aliweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Kamishna alilipwa dola 10 akimpeleka mtu utumwani, na dola 5 akimwachia huru. Mimi huandika tarakimu hizo mbili ubaoni, 10 na 5, bila kusema neno, nikawaacha watoto wazitazame. Haipiti dakika, mtoto mmoja ataguna. Hahitaji kuzimiwa taa. Dhuluma ameiona kwa hesabu ya darasa la pili.

Au huwapa habari za Ellen Craft na mumewe William, waliotoka Macon, katika Georgia, Desemba 1848. Ellen alikuwa mweupe wa sura kwa kuwa baba yake alikuwa bwana wake. Akajivika nguo za kiume, akajifanya tajiri kijana aliye mgonjwa, na mumewe akawa mtumishi wake. Wakasafiri mchana, kwa gari la moshi na kwa meli, machoni pa watu, hata wakafika Philadelphia siku ya Krismasi. Lakini mkono wa kuume wa Ellen ulikuwa umefungwa kitambaa na kutundikwa shingoni kana kwamba unauma. Nawauliza watoto: kwa nini mkono? Huwaza kidonda, huwaza silaha. Kisha nawaambia: katika nyumba za wageni kila msafiri alitakiwa kutia sahihi, na Ellen, kama watumwa walio wengi, hakuwa amefundishwa kuandika. Basi watoto wenye kalamu mikononi huzitazama kalamu zao. Hapo ndipo somo huingia, Baba, wala hakuna aliyekimbizwa.

KIJANA: Mwalimu, nakuheshimu, na hadithi zako ni tamu. Kosa lake ni huo utamu. Taifa hili lapenda mno habari za waliokimbia, na lina sababu. Katika hadithi ya mtoro kila mtu apata nafasi nzuri: mweusi huwa shujaa, mweupe huwa mwenye nyumba mwema aliyeficha mgeni darini, na nchi yenyewe huwa njia ya kuelekea kwenye uhuru. Mwovu ni mtu mmoja mwenye mbwa, ambaye hana jamaa walio hai hata mmoja. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1860 iliwakuta watumwa 3,953,760. Harriet Tubman, ambaye picha yake imebandikwa katika kila darasa, aliwatoa utumwani watu kiasi cha sabini. Sabini, Mwalimu, katika karibu milioni nne! Tukitumia juma zima kwa wale sabini na saa moja kwa wale mamilioni, hatusomeshi utumwa; twawabembeleza watoto walale.

Na ubembelezi huo hauna mpaka. Mwaka 2016 kilitolewa kitabu cha picha cha watoto kuhusu Hercules, mpishi mtumwa wa rais George Washington, kikamwonyesha yeye na binti yake wakitabasamu huku wakimtengenezea bwana wao keki ya siku ya kuzaliwa. Ghadhabu za watu zilikuwa kubwa hata kikaondolewa sokoni siku chache baadaye. Mwaka 2023 jimbo la Florida liliandika katika mwongozo wa masomo yake kwamba watumwa walipata ustadi ambao mara nyingine uliweza kuwafaa wenyewe. Na mwaka 2018 uchunguzi mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ulionyesha kuwa wanane tu katika kila mia waliweza kuutaja utumwa kuwa ndiyo sababu kubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanane! Na wote, nina yakini, walimjua Harriet Tubman. Mimi nasema: wasomesheni pamba, mnada, na sheria. Njia za kukimbilia ziwe tanbihi.

MAMA: Umesikia, Mwalimu? Mwanangu huyu atoka upande mwingine kabisa, nasi tumekutana mlangoni.

KIJANA: Hatukukutana, Shangazi. Wewe wataka asiambiwe. Mimi nataka aambiwe zaidi.

MZEE: Taratibu. Mwalimu ajibu.

MWALIMU: Nitajibu kwa kukubali kwanza. Idadi ya Tubman ni hiyo aliyoisema Kijana. Katika safari kama kumi na tatu, baada ya kutoroka mwenyewe kutoka Maryland mwaka 1849, aliwaongoza watu kiasi cha sabini. Zile safari kumi na tisa na watu mia tatu zilitiwa chumvi na mwandishi wa karne ile, na vitabu vya watoto vikazirithi. Nakubali pia kuwa mengi yasomeshwayo hayana shahada. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto kuwa blanketi za viraka zilitundikwa nje kama alama za siri, kiraka hiki kikimaanisha ondoka na kile kikimaanisha jificha. Kisha nikatafuta mtoro hata mmoja aliyelitaja jambo hilo katika maelezo yake mwenyewe, nisimpate. Habari hiyo ilienea kwa kitabu cha mwaka 1999. Nikaona haya mbele ya wanafunzi wangu, nikaiacha. Hata jina lenyewe la njia za waliokimbia, Reli ya Chini ya Ardhi, huwapoteza wadogo: hapakuwa na reli, wala hakuna aliyepita chini ya ardhi. Palikuwa na watu, na usiku, na mlango uliofunguliwa au usiofunguliwa.

Lakini hukumu ya Kijana siikubali, kwa kuwa ameutenga ukimbizi na utumwa, na havitengani. Mtu hawezi kueleza kwa nini mmoja alitoka bila kueleza kwa nini mia walibaki. Nitawapa kisa kimoja cha hapa karibu. Katika mji mdogo wa Ripley, juu ya mto huu huu, aliishi John Parker, mtu mweusi aliyejinunua mwenyewe mwaka 1845 kwa dola 1,800, akawa mwenye kiwanda cha kusubu chuma. Mchana alifua, na usiku alivuka kwenda Kentucky kuwachukua watu. Mara moja aliwakuta mume na mke walio tayari kuondoka, wasiweze. Bwana wao alikuwa amewashuku, akawa kila usiku humchukua mtoto wao mchanga na kumlaza miguuni pa kitanda chake mwenyewe, na bastola juu ya kiti kando yake. Hakuhitaji kuwafunga wazazi minyororo. Alimfunga mtoto kwa kumlaza tu. Parker alinyata hata chumbani, akamchukua mtoto pale alipolala, wakakimbia. Sasa, Kijana, niambie: kisa hiki ni cha waliotoka au ni cha waliobaki? Mtoto wa miaka tisa akikisikia ameelewa bila kuambiwa kwa nini mamilioni hawakuondoka. Hawakukosa ujasiri, walikuwa na watoto.

BABA: La haula! Miguuni pa kitanda.

MWALIMU: Na si Parker peke yake. William Still, mtu mweusi aliyekuwa karani wa chama cha kupinga utumwa huko Philadelphia, alikuwa akiwapokea watoro na kuandika habari zao. Agosti 1850 alifika mtu mmoja kutoka Alabama, umri wake wa kutosha kuwa na mvi, aitwaye Peter, aliyejikomboa na sasa akiwatafuta wazazi aliotengwa nao utotoni. Still aliuliza maswali yake ya kila siku: baba nani, mama nani. Alipoyasikia majina, kalamu ilimganda mkononi, maana yalikuwa majina ya baba yake na mama yake mwenyewe. Mama yao alikimbia zamani na mabinti wawili, kwa kuwa hakuweza kuwabeba wanne. Wavulana wawili waliachwa nyuma, na mmoja wao ndiye huyu aliyesimama mbele ya meza. Tangu siku ile Still alizidi kutunza madaftari yake, ili wengine nao wapate kujuana, na katika siku za hatari akayaficha makaburini. Mwaka 1872 akayatoa kuwa kitabu.

Nawasomea watoto kisa hicho, kisha nawauliza swali moja tu: yule mama alifanya vema? Darasa hugawanyika, nami siligawanyi upya wala siliunganishi. Frederick Douglass naye, aliyetoka utumwani Baltimore mwaka 1838, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1845 akakataa kusema alitokaje, kwa kuwa njia ikitangazwa hufungwa mbele ya waliobaki. Hakuiandika mpaka mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha kufa. Tazameni jinsi watu hawa wote walivyotembea nyuso zao zikielekea nyuma. Mchezo wa peremende haukuwa na nyuma. Walioshikwa walikaa chini tu.

MZEE: Maneno hayo tuyaweke akiba. Sasa mniruhusu nishuke kitini kidogo niseme kama mmoja wenu, maana Mama amesema jambo ambalo sitalilipa kwa kimya. Amesema sisi ni wageni, na kwamba mzigo huu hatukuufunga.

Binti yangu, bibi yako alivaa merikani?

MAMA: Nani hakuvaa? Kanzu, shuka, hata sanda.

MZEE: Neno lenyewe ni Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na serikali ya nchi hii, na merikebu kutoka Salem, katika Massachusetts, zikawa zaingia Zanzibar na vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vizito, vyenye kudumu. Vilifumwa kaskazini, katika majimbo yaliyokuwa yamekwisha kuuacha utumwa. Lakini pamba yake ilichumwa kusini, kwa vidole vya wale milioni nne wa Kijana. Kutoka Zanzibar merikani ilikwenda bara kama fedha. Ilinunua pembe, na wakati mwingine ilimnunua aliyebeba pembe. Basi nguo iliyochumwa na mtumwa upande mmoja wa dunia ililipa bei ya mtumwa upande wa pili, na baina yao hapakuwa na mtu aliyejihesabu kuwa mwovu. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakujua jinsi watakavyosadikishwa.

Na pembe zile zilikwenda wapi? Nyingi zilikuja huku, katika Connecticut, kwenye vijiji viwili vya jirani, Deep River na kingine kilichopewa jina la pembe zenyewe, Ivoryton. Zikakatwa vitana, na vibao vyembamba vya kufunika funguo za piano. Sasa sikilizeni. Mmoja wa matajiri wa pembe huko Deep River alikuwa George Read, mtu wa kanisa na adui mkubwa wa utumwa. Mwaka 1828 alikimbia Virginia kijana aitwaye Daniel Fisher, akabadili jina kuwa William Winters, akasafiri kwa taabu hata akafika kwa Read. Naye Read akampokea, akamsitiri, na mtu yule akaishi kijijini hapo umri wake. Wema ule ulikuwa wa kweli, siutilii shaka. Lakini kadiri karne ilivyoendelea, ghala za kijiji kile zilijaa pembe zilizoteremka pwani yetu mabegani mwa wapagazi, wengine wa ujira, wengine mateka. Mkono mmoja ulimfungulia mtoro mlango, na wa pili ukapokea shehena.

KIJANA: Mzee, hilo sikulijua.

MZEE: Nami sikulijua nilipokuwa karani, nikihesabu marobota. Simlaumu Read kuliko ninavyowalaumu walioziuza, na wauzaji walikuwa na majina tunayoyatambua. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe kule Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka 1907. Nyuma ya Mombasa na Malindi, mahali paitwapo Fuladoyo, waliokimbia mashamba ya pwani walijijengea kijiji chao. Wao pia walitembea usiku, kama watu wa huku.

Na hapa, Mama, ndipo lilipo jibu la mwanao. Kwa nini mtoro ni mtoto akimbiaye shule? Kwa sababu neno hilo ni la mwenye mali. Mtumwa akiondoka usiku, anayeamka asubuhi na kusema "ametoroka" ni bwana. Mwenyewe, lau angaliulizwa njiani, angalisema "nimekwenda zangu". Huku nako walikuwa na msemo wao, kwamba mtumwa aliyekimbia amejiiba. Lugha yetu ililipokea neno kutoka kinywani mwa bwana, likazoea, hata leo mwalimu mkuu hulitumia mstarini bila kujua limetoka wapi. Mtoto wa miaka tisa ameusikia ufa ambao sisi tumeupita miaka yote. Nawe wasema hajafikia umri.

MAMA: Mzee wangu, umenishika mahali ambapo sikujifunika. Sitasema tena kuwa jambo hili si letu. Lakini mama ni mama, na swali langu la kwanza halijajibiwa. Kujua ufa ulipo ni jambo moja. Kuingizwa ndani ya ufa ni jambo la pili. Miaka tisa, jamani! Hakuna umri wa mambo haya?

Palikuwa na kimya. Baba aliinama kumimina kahawa iliyokwisha kupoa.

MWALIMU: Nitakujibu, Bibi, kwa kurudi kwa yule mpishi aliyetajwa na Kijana, kwa maana hadithi yake aliiacha jikoni. Hercules alikuwa mpishi mkuu wa Washington huko Philadelphia, ambako sheria ya jimbo ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akikaa miezi sita mfululizo. Basi Washington alikuwa akiwapeleka watumwa wake nje ya jimbo kabla ya miezi sita kutimia, kisha akawarejesha, ili hesabu ianze upya. Mwishoni mwa 1796 Hercules aliondolewa jikoni, akawekwa shambani Mount Vernon kufanya kazi za sulubu. Tarehe 22 Februari 1797, siku ambayo Washington alitimiza miaka sitini na mitano, siku ile ile ya keki ya kitabuni, Hercules aliondoka. Hakuonekana tena Mount Vernon.

Aliwaacha watoto. Majuma machache baadaye alifika huko Louis-Philippe, mwana wa kifalme wa Ufaransa aliyekuwa uhamishoni, ambaye baadaye alikuwa mfalme. Mtumishi wake alimkuta binti mdogo wa Hercules, mtoto wa miaka sita, akamwambia kuwa bila shaka ana huzuni kwa kuwa hatamwona baba yake tena. Mtoto akajibu kuwa hapana. Amefurahi sana, kwa kuwa baba yake sasa yu huru.

Miaka sita, Bibi. Hakuna aliyeuliza kama amefikia umri. Jambo lote, faida yake na hasara yake, alikuwa amelibeba kichwani mwake, akalitoa kwa sentensi moja mbele ya mgeni. Simwombi mwanao alibebe. Namwomba ajue kuwa kulikuwa na mtoto mdogo kuliko yeye aliyelibeba.

Mama hakujibu mara moja. Alisema mwishoni kwamba ataiandikia shule waraka, wala hatauandika kwa hasira: ataomba mchezo uondolewe na somo libaki, na kama itawapendeza, yeye na Mzee wataleta kipande cha merikani na kuwaeleza watoto safari yake. Kijana alishikilia kwamba juma la watoro bila mwezi wa pamba ni ulaghai, na Mwalimu akamwambia kuwa juu ya kalenda hawana ikhtilafu. Baba alisema bado aamini katika kuhisi, ila ataanza kwa kumpeleka mtoto mbele ya zile pete na kumwacha anyamaze. Hayo ndiyo waliyoafikiana; mengine yalibaki kama yalivyokuwa.

Ndipo tulipotambua kuwa mlango wa ndani ulikuwa wazi, na msichana amesimama hapo na soksi miguuni, hatujui tangu lini.

"Yule mtoto," akauliza, "naye alitoka?"

Watu wazima walitazamana. Mama yake ndiye aliyejibu, na alijibu kweli, kama alivyomsikia Mwalimu akimwelekeza kwa sauti ya chini: kwamba watoto wa Hercules hawakuwa mali ya Washington bali ya urithi wa mkewe, na kwamba mkewe alipokufa mwaka 1802 waligawanywa kwa wajukuu, kama vyombo.

"Aliitwa nani?"

"Mwana wa kifalme aliandika maneno yake," akasema Mwalimu, "hakuandika jina lake."

Mtoto alifikiri. "Basi," akasema, "hakumwuliza?"

Mzee aliniashiria nifunge daftari, usiku ulikuwa umekwenda. Lakini Mwalimu aliweka kidole juu ya karatasi, akaniomba kwanza niliandike swali hilo.